TUSIPIME USIKU KWA UREFU WA SKETI

Kila mwaka, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa katika Mkoa wa Simiyu, husikika lawama zile zile. Wazee husema vijana wameharibika. Baadhi ya viongozi husema mji wa Bariadi umeharibika. Vijana nao husema wazee na viongozi wamesahau ujana wao. Lawama hizo zote huzunguka mambo mawili, nayo ni mavazi na starehe za usiku: suruali imebana mno au imeshuka mno, sketi imepanda juu ya goti, nywele zimetiwa rangi, muziki umepigwa mpaka alfajiri. Kisha hutajwa Dar es Salaam na Mwanza, na siku hizi hata Unguja, kana kwamba miji hiyo ni visima ambamo kila ovu huchotwa na kuletwa kwetu.

Hatusemi kwamba lawama hizo ni za bure. Mzazi anayemhofia mwanawe ana haki ya kusema. Lakini twadhani kwamba macho yetu yameelekezwa mahali pasipo. Tofauti ya mavazi na ya starehe baina ya mji na mji, na baina ya rika na rika, si maradhi. Maradhi yapo kwingine, na kiongozi anayeshughulika kupima nguo za watu huenda asiyaone mpaka yamekwisha kuua.

Tuanze na tofauti zenyewe, maana ndugu zetu wa Visiwani wanaosoma safu hii pengine hawajafika Bariadi, na wengi wa Bariadi hawajavuka bahari.

Usiku wa mji hufuata fedha ya mji. Dar es Salaam ni mji wa mshahara na wa biashara ya kila siku. Kwa hiyo starehe yake hupanda Ijumaa na Jumamosi, na hupanda zaidi mwisho wa mwezi. Mwenye nafasi huenda kwenye kumbi na mabaa. Asiye na nafasi hubaki mtaani kwake, Manzese au Tandale, ambako muziki wa singeli ulizaliwa na ambako kigodoro hupigwa nje ya nyumba mpaka majirani wachoke. Mwanza ni mji wa samaki, wa dhahabu na wa wasafiri, nao hukaa katikati: mchana unafanana na Dar es Salaam, usiku unalala mapema kidogo.

Unguja ina usiku wa namna mbili katika kisiwa kimoja. Upo usiku unaofuata kalenda ya Hijria. Katika mwezi wa Ramadhani muziki wa kumbi hunyamaza, watu hutoka baada ya tarawehe, na Forodhani hujaa familia. Ikifika Idd, watoto huvishwa nguo mpya na kupelekwa kwenye viwanja vya sikukuu. Upo pia usiku wa Nungwi, Kendwa na Paje, ambao hufuata kalenda ya watalii, na ambamo vijana wengi kutoka Bara, wakiwamo wa Usukuma, wanatafuta riziki kwa kuhudumu na kulinda. Mzee wa Mji Mkongwe na kijana wa Kendwa wanaishi kisiwa kimoja, lakini saa mbili za usiku kwa mmoja si saa mbili za usiku kwa mwingine.

Bariadi inafuata jembe. Mwezi Januari, wakati wa palizi, usiku wa Bariadi, wa Maswa au wa Meatu hauna sifa kubwa, kwa kuwa aliyeshinda shambani hana nguvu ya kukesha. Kuanzia mwezi Mei pamba hununuliwa, fedha huingia mifukoni mwa watu kwa wakati mmoja, na mkoa mzima huamka. Hapo ndipo ngoma za Wagika na Wagalu hushindana, minada hujaa, na disko vumbi hupigwa kwenye kiwanja kisicho na ukuta wala sakafu. Fedha ya mwaka mzima hutafuta furaha ya mwaka mzima katika miezi mitatu. Anayeona starehe ya Juni na kuhukumu kwamba watu wa Simiyu ni wavivu hakuwahi kufika mwezi Januari.

Mavazi nayo hufuata njia hiyo hiyo. Mtindo ukizuka Dar es Salaam, kijana wa Bariadi huuona siku ile ile katika simu yake, lakini nguo yenyewe huifikia kwa njia ya marobota ya mitumba yanayofunguliwa mnadani. Kwa hiyo huvaa kile alichokipata, akakipunguza au kukibana kwa fundi cherehani wa barazani. Msichana wa Unguja huvaa baibui kama mamaye, lakini ukitazama mshono, mikono na mapambo utajua mara moja yupi ni binti na yupi ni mama. Mzee wa Kisukuma huvaa koti lake na kofia yake na kushika fimbo, jua likiwa kali namna gani, na hakumbuki kwamba koti hilo nalo lilikuja na wageni.

Hapa tunafika kwenye suala la rika. Wapo wanaodai kwamba mizozo hii ya mavazi ni mipya na kwamba imeletwa na simu. Historia inawakanusha.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, mjini Dar es Salaam, ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Kampeni hiyo ilipewa jina la Operesheni Vijana, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Nia ya wale waliopitisha azimio ilikuwa njema. Taifa lilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa na umri usiotimia miaka miwili, na ilionekana ni aibu Mwafrika aliyejikomboa kuiga kila kinachotoka Ulaya na Marekani. Lakini utekelezaji ulikuwa na walakini. Hata kabla siku iliyopangwa haijafika, makundi ya vijana yaliwavamia wasichana mitaani na kwenye vituo vya mabasi. Aliyeumia hakuwa mkoloni wala mnyonyaji. Aliyeumia alikuwa karani wa kike aliyekuwa akirudi kutoka kazini.

Na matokeo yalikuwa nini? Muda si mrefu zikaja suruali za bugaluu na pekosi, viatu vya raizoni na nywele za afro. Waliovaa hivyo leo ni babu na bibi, na miongoni mwao wamo wanaolaumu suruali za wajukuu wao. Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na ushei tulikuwa vijana wakati bongo fleva ilipokuwa changa. Tulivaa suruali pana zilizofagia barabara, na tuliambiwa kwamba taifa litaangamia mikononi mwetu. Leo wenzetu wa rika hilo ni walimu, ni madaktari, ni makatibu wa Chama na maofisa wa Serikali. Taifa halikuangamia kwa suruali zile.

Wala mjadala haujakoma. Mwezi Juni 2021 mbunge mmoja mwanamke alitakiwa kutoka ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, kwa sababu ya suruali iliyosemwa kuwa imembana. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita tangu Operesheni Vijana, na bado tulikuwa tunabishana juu ya jambo lile lile, na aliyesimamishwa mbele ya watu alikuwa mwanamke kama mwaka 1968.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo mifano iliyo ya kale zaidi. Kanga, ambayo leo hakuna anayethubutu kuiita vazi la kihuni, ilikuwa vazi la mjini na la kisasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Baada ya utumwa kukomeshwa rasmi Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki, iliyokuwa alama ya hali yao ya zamani, wakavaa kanga ili waonekane watu huru. Wapo wakubwa walioudhika kuona kwamba hawawezi tena kumtambua mtumwa wa jana kwa nguo yake. Vivyo hivyo Siti binti Saad, aliyezaliwa katika familia ya hali ya chini mwaka 1880, alidharauliwa kwanza kwa asili yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri, na leo hakuna anayeitaja taarabu bila kumtaja yeye.

Ngoma ya beni, iliyoanza katika mwambao mnamo miaka ya 1890 na kuenea bara pamoja na askari na makarani, ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, vilivyovaa sare za kuiga maofisa na kushindana usiku na mchana. Wakoloni waliishuku, na baadhi ya wazee waliona ni upuuzi wa vijana. Huku Usukumani masimulizi yanawataja Ngika na Gumha, mahasimu wawili wa ngoma, ambao wafuasi wao ndio Wagika na Wagalu wa leo. Kwa miaka mingi wamisionari walizitazama ngoma hizo kwa jicho baya kwa sababu ya dawa na mazingaombwe yake. Baadaye padri mmoja, David Clement, alianzisha huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma, na ngoma zile zile zikapata mahali katika sikukuu ya Bulabo ya kila mwezi Juni. Leo ofisa akitaka kumwonyesha mgeni utamaduni wa Simiyu, huwaita Wagika na Wagalu.

Hata muziki wa dansi ulipita njia hiyo. Uliitwa wa kuiga Wazungu na Wakuba. Kisha bendi zikachukua majina ya ngoma zetu kwa mitindo yao, mmoja ukaitwa Msondo na mwingine Sikinde, na Umoja wa Vijana wenyewe, ambao ulikuwa umepiga vita vimini, ukawa na bendi yake, Vijana Jazz. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikusudia tujivunie vyetu, na pia tujue kuchukua kilicho chema cha wengine. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli. Lakini mila ni mto, haina budi kupokea vijito.

Basi tusemeje? Je, kila kijana afanye atakalo, na kila baa ipige muziki ipendavyo? Hasha. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kukaa katika madawati ya shule ya Serikali tulifunzwa kusitiri mwili na kuchunga ulimi, na hilo hatulitupi. Tunachosema ni kwamba mzazi ana kazi yake na Serikali ina kazi yake. Kazi ya kumfunza mtoto haya ni ya nyumbani, ya msikitini, ya kanisani na ya shuleni. Kazi ya Serikali ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo, akienda kucheza, anarudi nyumbani akiwa hai.

Hatutii chumvi. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto walijazana katika ukumbi mmoja mjini Tabora kwa disko toto. Walikuwa wengi kuliko uwezo wa ukumbi. Hewa ilikosekana, watoto wakasongamana na kukanyagana, na watoto wapatao 20 wakafa. Walikwenda mchana, si usiku. Walikwenda, kama ilivyo desturi ya sikukuu, na nguo mpya walizovishwa na mama zao. Hakuna mizani ya mavazi duniani ambayo ingewaokoa. Kilichohitajika ni hesabu ya watu mlangoni, milango ya kutosha, hewa, na ofisa mmoja aliyefika kukagua kabla ya tiketi kuuzwa.

Hilo ndilo swali ambalo twamwuliza kila mwenye dhamana katika Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Nyashimo, Lagangabilili, Nyalikungu na Mwanhuzi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,140,497. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto na vijana. Umeme umefika vijijini, na ulipofika ulileta spika pamoja na taa. Je, kumbi zinazofunguliwa sasa zina milango mingapi? Inafunguka kuelekea nje au ndani? Nani amezikagua? Kiongozi anayejua idadi ya sketi fupi zilizopita sokoni lakini hajui idadi ya milango ya ukumbi ulio jirani na ofisi yake hajatimiza wajibu wake.

Serikali inapogusa jambo lenyewe, matokeo huonekana. Tarehe 1 Machi 2017 pombe ya viroba ilipigwa marufuku. Kiroba kilikuwa rahisi kwa bei na rahisi kufichika mfukoni mwa mwanafunzi au wa dereva. Haikuwa vita dhidi ya vijana, bali dhidi ya kitu kilichokuwa kinawadhuru. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Mazingira lilifungia baa nyingi kwa sababu ya kelele. Hapo pia sheria haikuuliza wateja wamevaa nini. Iliuliza kama mgonjwa na mtoto wa jirani wanaweza kulala. Vilevile mwaka 2021 Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, ilikiri kwamba kumwadhibu binti peke yake hakukuwa kumemsaidia yeye wala taifa.

Usukumani tuna funzo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi baada ya vita vya Kagera, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sungusungu walipolinda zizi na njia, kila mtu aliwashukuru. Walipoacha zizi na kuanza kuhukumu nyendo za wanawake na vijana, ugomvi uliingia vijijini. Mlinzi wa usiku anafaa anapomlinda msichana anayerudi kutoka ngomani. Hafai anapomsimamisha ili apime nguo yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri zetu. La kwanza, kila ukumbi na kila kiwanja cha disko kikaguliwe na Zimamoto na idara husika kabla ya msimu wa pamba na kabla ya sikukuu, na idadi ya watu iandikwe mlangoni kwa herufi zinazosomeka. La pili, watoto wawe na saa zao na mahali pao, pasipouzwa pombe. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi, na hiyo ni kanuni ya usalama iliyo bora kuliko nyingi zilizoandikwa. La tatu, mji uwe na uwanja wa wazi wenye taa na vyoo, ambapo Wagika na Wagalu, bendi na disko wapate siku zao. Bariadi ina viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonyesho ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018 na 2019. Viwanja hivyo visikae kimya kusubiri Agosti. La nne linahusu riziki.

Juu ya hilo la riziki yafaa tuseme kweli. Simiyu ni kinara wa pamba katika nchi yetu. Lakini kijana aliyeichuma pamba hiyo huvaa shati lililovaliwa na kutupwa na mtu wa ng'ambo. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje. Viwanda vya nguo vya umma, Urafiki wa Dar es Salaam, Mwatex wa Mwanza na Mutex wa Musoma, vilidhoofika, na tangu katikati ya miaka ya 1980 mitumba imejaza nafasi yao. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kutunyima nafuu ya soko lake, ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo mpaka mwisho, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hatuwalaumu viongozi waliopima hasara na faida. Lakini tukubali kwamba anayetaka kuamua kijana avae nini hana budi kwanza kuamua nguo itoke wapi. Tukimkemea kijana kwa kuvaa cha kigeni ilhali hatujamshonea cha kwetu, tunamwonea. Fungu la mikopo ya halmashauri, lile la asilimia 4 kwa vijana na asilimia 4 kwa wanawake, lililorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimama, na lifike kwa mafundi cherehani wa Bariadi. Kijana akijua kwamba shati alilovaa limeshonwa na mwenzake kwa pamba ya babaye, ataringa nalo pasipo kuambiwa.

Ndugu zetu wa Visiwani, mkiwapokea vijana wetu katika hoteli zenu, msiwahukumu kwa mavazi ya siku ya kwanza. Wafundisheni heshima ya mahali, kama mnavyowaomba watalii wajistiri wapitapo Mji Mkongwe. Nasi tukija kwenu wakati wa Ramadhani, tutafuata usiku wenu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mgeni anayejifunza hatua za wenyeji naye hutunzwa.

Na kwenu viongozi wa Simiyu: msimu wa pamba hautangoji. Fedha zitaingia, ngoma zitalia, na watoto watavaa vizuri kadiri ya uwezo wa wazazi wao. Kabla ya hapo, tokeni ofisini jioni moja, mkahesabu milango.